Behewa Lipo, Mzigo Hauingii: Kutafuta Hitilafu za Vipakiaji Kwenye Meza ya Treni za Modeli

Kipakiaji, yaani kifaa cha kando ya reli kinachojaza mzigo kwenye behewa, kikigoma, mkono wa wengi hukimbilia transfoma. Volti zinaongezwa, kifaa kinanguruma zaidi, na makaa yanaendelea kumwagika mezani. Ushauri wangu ni kinyume chake: kagua kwanza nafasi, kisha umeme, kisha mzigo, na mota iwe ya mwisho. Nafasi mbaya kati ya behewa na kifaa ndiyo inayozaa malalamiko mengi, na volti zikizidi juu ya nafasi mbaya, kinachoongezeka ni kasi ya kumwaga.

Kabla hujashika bisibisi, kuna jaribio moja la kugawa tatizo vipande viwili. Ng'oa kifaa mezani, kiweke kwenye ubao ulio sawa, kipe chanzo chake cha umeme, weka kando yake kipande cha reli iliyonyooka na usukume behewa kwa mkono. Kikifanya kazi vizuri pale, basi hakina ugonjwa; ugonjwa uko kwenye namna kilivyofungwa. Kikigoma hata pale, acha kuhangaika na meza. Jaribio hili huchukua muda mfupi kuliko kubadilisha waya mmoja chini ya meza, lakini wengi huliruka.

Mzigo unaangukia nje ya behewa

Pima kimo kwanza, umbali baadaye. Kifaa kilichotengenezwa kwa reli ya aina moja hakitakaa sawa kando ya reli ya aina nyingine, hata kama zote zina upana uleule. Mfano mzuri ni reli za bomba za O na O27, aina mbili za reli za treni kubwa za kuchezea. Upana wake ni mmoja, lakini reli ya O ina kimo cha milimita 17 na nusu hivi, na ya O27 milimita 11 tu. Hiyo ni tofauti ya milimita 6 na kitu. Kipakiaji cha magogo kilichokusudiwa reli yenye kimo kikubwa, kikiwekwa kando ya reli yenye kimo kidogo, huangusha magogo kutoka juu mno. Gogo linagonga sakafu ya behewa, linaruka, linatoka upande wa pili. Ukigeuza mambo, reli ikawa juu kuliko inavyotakiwa, mdomo wa mlizamu (mfereji wa kushushia mzigo) hukwaruza ubavu wa behewa au kulisukuma litoke relini.

Kwenye HO na N, vipimo vidogo zaidi vya modeli, kosa hilohilo huja kwa njia nyingine: tandiko la koki au sponji chini ya reli. Reli imeinuliwa milimita chache, kipakiaji kimekaa moja kwa moja juu ya mbao. Dawa ni kukata kipande cha tandiko lilelile na kukiweka chini ya kifaa. Usikate tandiko chini ya reli ili kuishusha, kwa sababu utapata bonde, na injini itayumba kila ikipita hapo.

Kimo kikishakaa sawa, ndipo upime umbali. Kwa kazi hii tumia behewa pana kuliko yote uliyo nayo, kisha upitishe injini kubwa kuliko zote. Silinda za injini ya mvuke na ngazi za pembeni hutokeza kuliko ubavu wa behewa, na mara nyingi ndizo zinazong'oa mlizamu siku ya kwanza. Kata kadibodi yenye umbo la ule upana, iburute kando ya kifaa, weka alama. Skrubu zije baada ya hapo. Gundi isije kabisa. Utajilaani siku utakayotaka kubadilisha mkanda.

Kipakiaji pia kinataka reli iliyonyooka, si mbele yake tu bali angalau urefu wa behewa moja kila upande. Kwenye kona, tumbo la behewa refu huingia ndani ya kona na ncha zake hutoka nje. Umbali uliopima kwa behewa fupi hauna maana tena.

Vipo vifaa vinavyohitaji reli pande zote mbili, na hili wanaovinunua mitumba hawaambiwi. Mnara wa makaa namba 97 wa Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, ulioanza kuuzwa mwaka 1938, ni wa aina hiyo. Behewa la kumwaga hutupa makaa kwenye trei upande mmoja, mnyororo wa ndoo huyapandisha, kisha mlango hufunguka na kuyashusha kwenye behewa lililosimama upande wa pili. Ukiuweka kando ya njia moja tu, mnara utafanya nusu ya kazi, nawe utadhani umeharibika.

Leo unaingia katikati, kesho unaingia pembeni

Hapa kifaa hakina kosa; treni haisimami mahali pamoja. Viungo vya mabehewa vina ulegevu. Injini ikivuta, ulegevu wote hufunguka. Ikisukuma, wote hufunga. Katika msafara wa mabehewa saba au manane, tofauti ya behewa la mwisho inatosha kabisa kulikosa shimo la mlizamu. Amua upande mmoja wa kuingilia na usibadilishe. Mimi napenda kuingia kwa kusukuma, kwa sababu viungo vilivyofunga havichezi mzigo unapodondoka. Kisha simamisha kitu kidogo kando ya reli, pipa au nguzo, mahali ambapo ncha ya injini inatakiwa kufika. Jicho husimamisha treni vizuri zaidi likiwa na kitu cha kulenga.

Behewa la kumwaga limefika, kitufe kimebonywa, kimya

Swali la kwanza: behewa hili hupata nguvu kwa njia gani? Ziko mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha maswali yasiyokwisha.

Mabehewa mengi ya zamani ya reli tatu yana viatu vya shaba chini ya bogi. Viatu hivyo vinateleza juu ya reli mbili za ziada zilizo ndani ya kipande maalumu cha reli, kile chenye reli tano: mbili za magurudumu, moja ya kati, na mbili za udhibiti. Bila kipande hicho, behewa la viatu haliwezi kufanya lolote. Mengine hayana viatu kabisa. Yana kisahani cha chuma kinachoning'inia chini, na sumaku-umeme iliyo katikati ya reli hukivuta kuelekea chini, kikafungua kitasa. Haya ya kisahani yanatosheka na sumaku tu. Geuza behewa, litazame tumboni, utajua kwa sekunde mbili.

Kama ni la viatu na reli ni sahihi, angalia kama viatu vyote vinagusa. Kiatu kilichopinda kwenda juu hakigusi. Kilichopinda kwenda chini hukwama kwenye makutano ya njia. Vifute kwa kitambaa chenye spiriti pamoja na reli za udhibiti, kwa sababu reli hizo hazipitiwi na magurudumu, kwa hiyo hazijisafishi na huota kutu kimyakimya.

Kama ni la kisahani, tatizo kwa kawaida ni nafasi ya hewa. Sumaku-umeme hupoteza nguvu haraka sana kadiri kitu kinavyokuwa mbali nayo. Milimita moja ya ziada inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuvuta na kutovuta. Angalia kama magurudumu yaliwahi kubadilishwa kwa makubwa zaidi, au kama kisahani kimekatika ncha. Halafu hakikisha kisahani kiko katikati ya sumaku, si pembeni.

Behewa linalonyanyuka nusu na kurudi halijaharibika mara zote. Baadhi hupandisha sakafu hatua kwa hatua, na kila hatua inataka mbonyezo wake. Mengine yanataka kidole kikae juu ya kitufe mpaka mzigo utoke. Jaribu namna zote mbili likiwa tupu. Likimaliza mzunguko likiwa tupu na kushindwa likiwa na mzigo, umejaza kupita kiasi, au umeweka mawe halisi mahali pa makaa ya plastiki.

Kinanguruma, lakini hakuna kinachosogea

Sehemu hii ninaitaka isomwe polepole, maana vifaa vya mtikisiko ndivyo vinavyotupwa bila hatia. Zizi la ng'ombe au farasi linaloingiza wanyama ndani ya behewa, au kipakiaji cha mapipa kama namba 362 ya Lionel, havina mota. Ndani kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inayovuta na kuachia bamba la chuma kila wimbi la umeme linapopita. Kwa umeme wa AC (unaogeuka upande huku na huku) wa mizunguko 60 kwa sekunde, bamba hutikisika mara 120. Kwa mizunguko 50, mara 100. Mtikisiko huo hupanda kwenye njia, na vijinywele au vidole vya mpira vilivyo chini ya mnyama au chini ya sakafu, vilivyoinama upande mmoja, huugeuza kuwa mwendo wa mbele.

Kutokana na hilo unaweza kujijibia mwenyewe maswali mengi. Umepeleka DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu? Bamba litavutwa mara moja na kubaki limeganda, koili ikizidi kupata moto. Unatumia transfoma ya kisasa inayokata wimbi kwa vifaa vya elektroniki? Mtikisiko utabadilika sura, na wanyama waliokuwa wakitembea kwa transfoma ya zamani wataanza kuzunguka papo hapo. Umehamisha kifaa kutoka nchi ya mizunguko 60 kwenda ya 50? Transfoma ya kupunguza volti haibadilishi mizunguko, kwa hiyo itabidi urekebishe mkao upya. Na kabla ya kuchomeka, soma kibao: transfoma ya volti 120 kwenye soketi ya 230 haitakupa nafasi ya kujaribu jambo la pili.

Umeme ukiwa sahihi, geukia skrubu. Hapa ndipo bidii inapoponza. Kifaa kikikazwa kwa nguvu kwenye mbao, meza nzima inameza mtikisiko: mbao inaimba, mapipa yametulia. Legeza skrubu nusu mzunguko, au weka ukanda mwembamba wa sponji chini yake. Kisha weka pimamaji. Njia ikiinama kidogo tu kuelekea nyuma, mnyama hawezi kupanda. Wengine huinua upande wa nyuma kwa karatasi moja au mbili ili kusaidia mwendo. Haidhuru, mradi wanyama wasianze kuteleza wakati umeme umezimwa.

Halafu miguu. Vidole vya mpira hukauka na kunyooka kwa umri. Vikishanyooka havina upande wa kusukuma, na mnyama hucheza bila kuendelea. Badilisha miguu, si koili. Mkeka wa njia nao unataka usafi mkavu wa brashi. Usitie mafuta wala nta: tone moja linatosha kuua mshiko wote.

Mwisho ni volti. Vifaa hivi vina mahali pake patamu, mara nyingi kati ya volti 10 na 14. Chini ya hapo vinalala, juu ya hapo wanyama wanaruka na kuanguka ubavu. Panda polepole mpaka waanze kwenda, kisha uache hapohapo.

Mota inazunguka kwa uvivu, mkanda unasuasua

Tenganisha mota na mzigo wake. Ondoa mkanda au mnyororo, kisha washa. Mota ikikimbia vizuri peke yake, kinachoizuia kiko mbele: mkanda uliokazwa kupita kiasi, rola iliyosokotwa na nyuzi za zulia, au, mara nyingi zaidi, grisi ya zamani iliyogeuka kuwa kama nta. Grisi hiyo hailainiki kwa kuongezewa mafuta juu yake. Ikwangue, osha gia kwa spiriti, kausha, weka mpya kidogo.

Mkanda wa mpira una magonjwa mawili ya uzeeni: hukakamaa ukapasuka, au huyeyuka ukawa unanata. Kwa yote mawili tiba ni mkanda mpya. Ukiufunga, uache ulegee kiasi kwamba kidole kinaubonyeza kidogo katikati. Mkanda uliokazwa kama kamba ya ngoma hula fimbo za rola.

Mota ikiwa dhaifu hata ikiwa peke yake, safisha komuteta (pete ya shaba yenye mifereji inayozunguka na mota na kuguswa na brashi) kwa spiriti, toa uchafu mweusi kwenye mifereji yake kwa kijiti cha meno, na utazame brashi, vile vipande vinavyoipelekea umeme, kama zimeisha. Lakini uliza pia ni mota ya aina gani. Zile za zamani zenye koili kotekote hukubali AC na DC. Zile ndogo za kopo, zenye sumaku ya kudumu, ni za DC peke yake. Ukizipa AC zitatetemeka, zitapata moto na kufa. Kosa hili ni rahisi kutokea kwa sababu vidhibiti vingi vya HO vina vituo viwili vya kuunganishia waya nyuma: kimoja cha reli, DC inayopanda na kushuka, na kingine cha vifaa, ambacho aghalabu ni AC ya volti 16 isiyobadilika. Kipakiaji kipya kikiunganishwa kwenye kile cha pili bila daraja la diodi linalogeuza AC kuwa DC, hakimalizi wiki. Ukiweka daraja, kumbuka linakula takriban volti 1.4, na ukiongeza kapasita mbele yake, volti za kutoka hupanda kuelekea kilele cha wimbi. Volti 14 za AC zinaweza kukutolea 18 za DC. Pima kwa multimita, usikisie.

Treni inapunguza mwendo kila kipakiaji kinapowashwa

Treni na kipakiaji wanakula sahani moja. Kifaa kilichounganishwa na umeme wa reli hunyang'anya injini, na injini ikisimamishwa ili kupakia, umeme wa kifaa nao unakatika. Tenga chanzo cha vifaa. Hakuna ujanja mwingine unaofaa kuliko huu.

Kwenye mfumo wa dijitali (DCC), ambao amri husafiri ndani ya umeme wa reli, jambo hili si la hiari. Reli ya DCC ina umeme kamili wakati wote, na wimbi lake ni la mraba. Koili ikiunganishwa moja kwa moja nayo inabaki na umeme muda wote. Dikoda ya vifaa (kisomaji cha amri hizo) inaweza kuchukua amri kutoka reli, lakini nguvu ya kusukuma mota na koili itoke kwenye transfoma nyingine.

Kama chanzo tayari ni tofauti na bado kifaa ni dhaifu, pima volti mahali kilipo, kikiwa kinafanya kazi. Kupima kikiwa kimezimwa hakukuambii kitu, kwa sababu waya mwembamba huonyesha volti zote pale ambapo hakuna mkondo unaopita. Ukiona zimeshuka volti mbili au tatu kutoka kwenye transfoma, waya mkuu hautoshi. Kwa meza ya reli ya O, waya mkuu wa milimita za mraba 1.5 hadi 2.5 unafaa, na vitawi vifupi vya 0.75 kwenda kwa kila kifaa.

Transfoma mbili za AC zikishiriki waya mmoja wa kurudi, ziwe zinakwenda pamoja. Unganisha nyaya za kurudi, weka zote mbili kwenye volti sawa, kisha pima kati ya nyaya mbili za kupelekea. Karibu na sifuri ni salama. Ukisoma jumla ya volti za zote mbili, zinapingana. Geuza nyaya za kutokea za transfoma mojawapo. Na jambo hili lishike vizuri: transfoma iliyochomolewa ukutani huku bado imeunganishwa na meza inayopata umeme kutoka transfoma nyingine hufanya kazi kinyumenyume. Meno ya plagi yake yaliyo wazi yanaweza kuwa na volti za ukutani. Chomoa zote, au usichomoe hata moja.

Koili inachemka, au kuna harufu

Koili za kufungua milango na kumwaga zimetengenezwa kwa mbonyezo mfupi. Swichi ya kuwasha na kuzima ya kawaida haifai hapo. Inatakiwa ya kubonyeza na kuachia. Kama tayari ni ya kubonyeza, toa waya mmoja na upime kama swichi inafunguka kweli, kwani kontakti huungana kwa cheche. Na ukumbuke kwamba koili ya AC ikipewa DC ya volti zilezile hupitisha mkondo mkubwa zaidi, kwa hiyo huchemka mapema.

Mzigo wenyewe

Makaa halisi hutoa vumbi linaloingia kwenye gia. Punje za plastiki zenye ukubwa mmoja ni bora, mradi zisizidi theluthi ya upana wa mdomo wa mlizamu, vinginevyo hujenga daraja na kuziba. Magogo ya mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu. Yapige msasa yawe na unene mmoja.

Kreni ya sumaku ina kisa chake. Ikinyanyua vizuri na kukataa kuachia, chuma kimebaki na usumaku kidogo baada ya umeme kukatwa. Bandika karatasi nyembamba au utepe kwenye uso wa sumaku. Nafasi hiyo ndogo inatosha kuachanisha. Ikikataa kunyanyua, jaribu kwanza kwa msumari. Vyuma chakavu vya kuchezea mara nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi.

Kinafanya kazi, kisha hakifanyi, kisha kinafanya

Kifaa cha namna hii kina waya uliovunjika ndani ya ganda lake, au mahali palipolehemiwa vibaya. Kiwashe, kisha utikise waya mmoja mmoja kwa kijiti cha mbao, ukianzia kwenye kitufe kuelekea kwenye kifaa. Kama hakuna kinachobadilika, zima, chomoa, na upime ukinzani wa koili kupitia ncha zake. Usomaji usio na mwisho ni waya uliokatika. Mara nyingi umekatikia pale unapoingia kwenye koili, na mzunguko mmoja ukifunguliwa unapata urefu wa kulehemu tena. Usomaji wa karibu na sifuri ni koili iliyoungua ndani. Hiyo haitengenezeki mezani, agiza nyingine ya namba ileile.